Kokoto za Tajiri Njia Panda

Hebu nisikilizeni, ndugu zangu, na mwenye simu aizime. Palikuwa na tajiri mmoja aliyetaka kujenga maghorofa sita kwenye kiwanja kimoja, makazi ya familia mia nne. Halmashauri ikamwambia asubiri: barabara ya pale ni moja tena nyembamba, kwanza magari yahesabiwe. Miezi minane anasubiri tu. Basi akaja juu, akaagiza kokoto zimwagwe kandokando ya barabara, ili kibali kikitoka kazi ianze siku hiyohiyo. Kisha akabeba kiti, akaenda kukaa njia panda na karani wa halmashauri, ahesabu mwenyewe awaumbue.

Saa moja asubuhi barabara ilifurika, halafu ikaganda. Mnajua kilichoziba? Lile lundo lake. Na mbele ya lundo ilikwama teksi, ndani yake mama ameshikwa na uchungu. Tajiri aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kokoto alizijua ni za nani.

Wanawake wakaanza kushuka kwenye magari. Hawakujuana, lakini kila mwenye khanga aliitoa, wakaizungushia ile teksi. Wanaume wakageuka, wakawapa mgongo. Mkunga mmoja akachungulia nje ya khanga, akasema, "Zimeni injini. Nataka nimsikie mtoto."

Wallahi barabara nzima ilinyamaza, hata malori. Tajiri akavua kofia bila kuambiwa. Kisha kikasikika kilio chembamba, na vigelegele vikapokezana gari hadi gari.

Tajiri akaitazama fomu yake ya kuhesabia magari: kila apitaye, ametoka wapi, anaelekea wapi. Akamuuliza karani, "Huyu tumwandike ametoka upande gani?"

Karani akamjibu polepole, "Upande aliotoka huyu haumo kwenye fomu, bwana."

Tajiri akapiga magoti, akaanza kuzoa kokoto kwa mikono yake.

Na sisi je? Kila siku tunamlilia Mungu, mbona jambo langu linachelewa? Umewahi kujiuliza nani anataka kupita pale ulipomwaga zako? Wewe umemnunia mama mkwe mwaka wa tatu huu, na wajukuu hawamjui bibi yao. Hizo ni kokoto. Kuna mja wa Mungu yuko njiani anakuja, na hujui ni lini atafika hapo kwako. Ukitoka hapa usiende kuulizia kibali. Nenda kazoe.