Fundi wa "Yes" na "Sim"

Wapendwa, kulikuwa na fundi mwashi mmoja kule Newala, mwanamke hodari, tumwite Mama Likonde. Kituo cha afya kilikuwa kinajengewa tangi la maji, naye akapewa kazi chini ya wahandisi wawili: mmoja msemaji wa Kiingereza, mwenzake wa Kireno, kutoka Msumbiji. Kiingereza cha mama huyu kilikuwa neno moja, "Yes". Kireno chake pia neno moja, "Sim", yaani ndiyo.

Mhandisi wa kwanza akamwonyesha kwa vidole: ukuta, siku kumi? "Yes!" Wa pili akachora ngazi: na hizi? "Sim!" Mnacheka? Ngojeni. Kesho yake wakaongeza sakafu, keshokutwa mtaro. Yes! Sim! Kufikia siku ya sita mikono yake imechubuka na mafundi wenzake wamenuna.

"Mama, unatumaliza," mmoja akamwambia. "Si uwaambie kazi ni ngumu?"

"Nikisema hivyo wataona siwezi. Watatafuta mwingine."

Lakini jioni ile hata kikombe cha chai kilimshinda kushika. Akaenda kwa jirani yake, mwalimu mstaafu aliyewahi kuishi Msumbiji.

"Mwalimu, nifundishe kusema 'ni ngumu'. Kwa lugha zote mbili."

Akafundishwa. Asubuhi mwalimu akamsindikiza. Mama akasimama mbele ya wahandisi, jasho linamtiririka, lugha zikamchanganyikia mdomoni, akapaza sauti: "Difisiliti!" Nusu "difficult" ya Kiingereza, nusu "difícil" ya Kireno.

Yule wa Kireno akakaa juu ya mfuko wa saruji, akacheka mpaka machozi. Mwenzake naye akaanza kuongea harakaharaka.

"Wananifukuza?" Mama akauliza.

"Wapi!" mwalimu akasema. "Wanasema hata wao wameelemewa. Ratiba walipewa na wakubwa wao. Walitaka kulalamika, ila wakikuuliza wewe, kila siku ndiyo! Wakaona haya."

Palepale wakaandika barua kuomba mafundi wengine na wiki tatu zaidi, wakapata. Na siku maji yalipotoka bombani, vigelegele vilifika mpaka sokoni. Mama Likonde alicheza amelowa chapachapa, na wahandisi wake wakicheza vibaya nyuma yake.

Na sisi je? Mtoto anaumwa, ndoa inayumba, tukiulizwa habari: nzuri! Hata tukipiga magoti, Mungu mwenyewe tunamwambia nzuri, kana kwamba Yeye haoni hali yetu.

Basi leo mgeukie aliye kulia kwako. Usimuulize habari. Muulize, "Ndugu yangu, ni kipi kimekulemea?" Kisha nyamaza, umpe nafasi aseme.