Tope Chini ya Ukuta

Hapo zamani, huko milima ya Upare, palikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, na chini ya ukuta wake wa udongo zilikaa nyumba arobaini. Mlinzi wa ndiva aliitwa Mbonea. Kazi zake zote alizipenda isipokuwa moja. Kila kiangazi ilimpasa atambae ndani ya mtaro wa mawe uliopita chini ya ukuta, azoe tope, ili mvua zikija maji ya ziada yapate pa kutokea.

Mwaka huo mbuzi alizama ndivani, akaozea ndani ya mtaro. Mbonea alichungulia mara moja. Harufu ikampanda kichwani, akaona ruba wanavyojinyonganyonga juu ya tope, akarudi nyumbani.

"Kesho," akamwambia mkewe, Namkunda.

Kesho ikafika, akanoa jembe. Kesho kutwa akasuka kamba. Siku ya tatu akanoa tena jembe lililokwisha kunolewa. Kila siku akasema kesho, na kila chakula alichokula kilimnukia mbuzi.

Mfumwa, mtawala wa pale, akaja kuuliza. Namkunda akamsitiri mumewe. "Ana homa, Mzee. Akipata nafuu ataingia." Mfumwa akaenda zake. Akaja mara ya pili, Namkunda akasema vilevile.

Jirani yao Senkoro, mwembamba kama Mbonea, angeweza kuingia. Alipoombwa alisema, "Hiyo ni kazi ya mlinzi. Na mlinzi ni yeye."

Mvua zikaanza mapema. Maji yakapanda, na ukuta ukaanza kutoa jasho. Sasa kazi iliyokuwa ya kunuka ikawa pia ya kuua, maana atakayezibua mtaro, maji yote yatamfuata humohumo.

Namkunda aliliona jasho lile, akaogopa uongo wake. Akamwambia mumewe, "Baba Nakijwa, leo usizibue chochote. Nenda katie miguu topeni, kisha urudi ule."

"Miguu tu?"

"Miguu tu."

Akaenda, akatia miguu, akarudi, akala. Siku ya pili Namkunda akasema, "Leo zoa kikapu kimoja." Akazoa kimoja, na alipoona hajafa, akazoa cha pili na cha tatu. Siku iliyofuata akaingia hadi kiunoni, mkono wake ukagusa mbavu za mbuzi. Akatoka kinyumenyume, akatapika.

"Kesho," akasema. Namkunda alikuwa akiutazama ukuta.

Asubuhi ufa ulikuwa umefunguka, mpana wa kidole. Watu wakaanza kuwabeba wazee wao kuwapeleka mlimani. Senkoro akaja na kigoda, akakiweka chini ya ufa wenyewe, akaketi.

"Ondoka hapo, jirani," Mbonea akasema.

"Siondoki mpaka uingie."

"Utakufa."

"Nitakufa unaniona. Haya, sema kesho, nikusikie."

Mbonea alijaribu kulisema neno lile. Halikutoka. Maji ya ufa yalimdondokea Senkoro mabegani, naye hakuyafuta. Mbonea akajifunga kamba kiunoni, akampa Namkunda ncha yake, akaingia.

Ndani palikuwa na giza, na tope lilimfika kidevuni. Akavuta mbavu, akavuta kichwa chenye pembe, akasikia ukuta ukiguna juu yake. Alitaka kurudi. Akajiambia, kikapu kimoja tu. Akazoa. Kimoja tu tena. Akazoa. Mara tope likalegea mikononi mwake. Akaitikisa kamba.

Senkoro akaruka kutoka kigodani, yeye na Namkunda wakavuta, wakamtoa, wakajitupa naye pembeni. Bega lake lilikuwa limeteguka, ruba wamemjaa shingoni. Maji yakatoka nyuma yake, meusi, yakashika njia ya mfereji kwenda bondeni. Ufa haukupanuka tena. Nyumba arobaini zikasalimika.

Mfumwa akaleta mtamba mweusi, ng'ombe jike ambaye hajazaa. "Ni mmoja, wala hagawanyiki. Ni wa aliyetuokoa."

Namkunda akasema, "Ni wangu. Huyu alikuwa hawezi hata kuukaribia mtaro. Nisingemwanzisha kwa miguu, kigoda cha Senkoro kisingemwingiza."

Senkoro akasema, "Miguu ilimfikisha kiunoni, akatoka. Mimi niliweka roho yangu chini ya ufa. Na wewe shemeji, uliposema ana homa, tulipoteza siku ngapi?"

"Nawe ni mwembamba kama yeye," Namkunda akamjibu. "Uliweza kuingia tangu kiangazi. Ukaona afadhali ukae."

Mbonea alikuwa ameshika bega lake. Akasema taratibu, "Nyinyi mlinifikisha mlangoni, nashukuru. Lakini kule ndani nilikuwa peke yangu. Nilipotaka kurudi hapakuwa na wa kunibembeleza wala wa kunitisha. Nilibaki mwenyewe."

Mfumwa akamtazama. "Na hatari hii yote aliileta nani, Mbonea, kiangazi kizima ukinoa jembe?"

Mbonea akainamisha kichwa. Lakini mkono wake mzima ukaliachia bega, ukamnyooshea mtamba kidole.

Mfumwa akamgeukia mmoja, akamgeukia wa pili, akamgeukia wa tatu, na asiweze kuamua. Basi nyinyi mnaonisikiliza msaidieni: mke aliyemwanzisha, jirani aliyemkabili, au mlinzi aliyezibua mtaro alioutelekeza mwenyewe? Je, nani alistahili mtamba?