Nyoka Asiye na Tumbo

Paukwa!

Pakawa!

Kilichopakwa chokaa?

Kiko chini ya chokaa!

Basi sogeeni, niwapeleke mbali.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Warumi, palikuwa na mji mdogo wa mawe. Kila njia panda ya mji ule ilikuwa na madhabahu, na juu ya madhabahu, ukutani, picha. Vijana wawili wanacheza: hao ndio miungu walinzi wa mtaa. Chini yao nyoka wawili wenye vishungi kichwani, wanakuja kula mayai. Mpita njia aligusa ukuta, akaenda zake.

Mchoraji alikuwa Mzee Pakwi. Mfupi, kipara, ndevu zimejaa rangi. Mikono yake ilitetemeka akila, ikatetemeka akinywa, mchuzi ukamwagikia nguo. Lakini brashi ikigusa ukuta, swa, swa, swa, mkono ulitulia kama maji mtungini.

Kila mwaka, sikukuu ya njia panda ikikaribia, alipaka chokaa juu ya picha ya zamani, akachora mpya. Kukwangua kulikuwa mwiko.

Watoto wakamuuliza, "Babu, picha ya mwaka jana imekufa?"

"Imelala tu, wajukuu zangu. Chokaa hufunika, haifuti."

Siku ya sikukuu kila nyumba ilitundika sufu madhabahuni. Kwa kila muungwana, mwanasesere wa sufu. Kwa kila mtumwa, donge la sufu, bila kichwa, bila mikono. Donge tu.

Mtaani hapo aliishi Holkoni, mwoka mikate. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, kidole kimoja kililiwa na jiwe la kusagia. Alikuwa na mtumwa, Naisi, aliyemsaidia kuoka na kumlea binti yake tangu hajaota jino.

Mwaka mmoja, siku tano kabla ya sikukuu, binti akashikwa na homa. Hali, hasemi. Naisi akakaa naye, kitambaa cha maji mkononi. Alfajiri Holkoni akakimbilia njia panda, unga mpaka kwenye nyusi. Hapakuwa na mtu ila Mzee Pakwi, anapaka chokaa.

"Mzee! Naweka nadhiri. Mwanangu akipona, Naisi ni huru. Sikukuu hii atatundika mwanasesere."

"Umesema?"

"Nimesema!" Akabandika kiganja chake kwenye chokaa mbichi, pwa!

Mzee Pakwi akachora mwanasesere kando ya kile kiganja. Kisha akapaka chokaa ya mwisho juu yake, kama ilivyo desturi, akachora picha. Ee, picha ile! Nyoka waling'aa mpaka mbwa wakabweka. Watu wakasema, "Mzee, hujapata kuchora hivi." Naye akajibu, "Wala sitapata tena. Macho yanaaga."

Siku ya tatu binti akaomba mkate. Akala, akaomba mwingine.

Sikukuu ikafika. Mtaa mzima ukakusanyika. Holkoni akamkabidhi Naisi sufu yake. Donge.

Mzee Pakwi akasogea. "Holkoni, mwanangu, umekosea. Huyu ni wa mwanasesere."

"Wa mwanasesere? Nani kasema?"

"Wewe. Alfajiri ile, uliweka nadhiri ya kumwacha huru."

Naisi akamgeukia Holkoni, donge mkononi.

Holkoni akacheka, ha ha ha! "Mzee wetu, rangi zimekupanda kichwani! Nani alisikia?"

"Ukuta."

"Basi ukuta useme!"

Watu wakacheka. Mzee Pakwi hakucheka. Aliwatazama nyoka wake kama mtu atazamavyo wanawe wakienda safari. Kisha akachomoa kisu.

"Babu, mwiko!" watoto wakalia.

"Najua. Lawama ni yangu."

Kwaru, kwaru, kwaru. Tumbo la nyoka mmoja likamomonyoka, lile jekundu, lile la dhahabu. Kwaru, kwaru, kwaru. Mwanasesere akatokea. Kando yake kiganja. Vidole vinne.

Ndipo binti wa Holkoni akamshika baba yake mkono, akaubandika ukutani. Ukaenea sawasawa.

"Baba, ni wako huu. Mbona unaukataa?"

Holkoni akainamisha kichwa. "Niliogopa, mwanangu. Mikate nitaoka na nani?"

"Umwombe," Mzee Pakwi akasema. "Mtu huru huombwa."

Holkoni akalichukua lile donge mkononi mwa Naisi, akampa mwanasesere. Naisi akamtundika kwa mikono inayotetemeka kuliko ya mzee. Vigelegele vikapasua mtaa!

Watu wakataka nyoka atengenezwe. Mzee Pakwi akakataa. "Mwacheni. Amejitolea tumbo lake."

Alipokufa, wachoraji wengine walikuja. Kila mwaka walipaka chokaa ukuta mzima, ila pale penye yule nyoka. Na kila mwaka Naisi alileta yai.

"Bibi," watoto walimcheka, "nyoka hana tumbo, yai litaingia wapi?"

"Nyinyi hamjui," alisema. "Mtu aliyekutolea tumbo lake, humwachi na njaa."

Wapenzi wangu, ahadi ikifichwa haifi. Na mpendeni mzee anayekubali kuharibu kizuri chake ili jirani apate haki.

Hadithi yangu nimeitundika hapo njia panda. Apitaye aiguse, aende zake.