Lundo la Kadzo na Mwaringa

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo, kama mmekunywa uji wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kule nyikani kwenye miiba mingi na maji haba, waliishi digidigi wawili, mke na mume. Mke akiitwa Kadzo, mume Mwaringa. Digidigi mnawajua? Swala wadogo, miguu kama vijiti, pua ndefu, woga tele. Wakioana wameoana. Hawana talaka za ovyo ovyo.

Na digidigi wana desturi yao. Hawajisaidii popote tu. Kila nyumba ina lundo moja, na kila asubuhi mke na mume huliendea pamoja. Mke hutangulia kuacha punje zake za mavi, mume humalizia juu ya hizo. Mnacheka? Chekeni. Ninyi mna kuta na milango, wao wana lundo. Watu husema mavi ya kale hayanuki. Ya digidigi yananuka, na harufu ile ndiyo inayosema: hapa pana nyumba, hapa pana wawili. Anayeacha punje zake kwingine amehamia kwingine.

Mwaringa alikuwa bingwa wa usafi. Akifagia kwa kwato, chwa, chwa, chwa, hata jani moja halibaki chini ya kichaka chao. Kadzo akimtania: "Mume wangu, hata kivuli utakifagia!"

Basi siku moja hakufagia. Siku ya pili hakufagia. Siku ya tatu majani yakajaa, maganda ya ukwaju yakajaa, nzi wakaja vuu, vuu, vuu. Kadzo akafagia peke yake. Akarudi, pamechafuka. Akafagia tena, pamechafuka tena. Na asubuhi, kwenye lundo, Kadzo akawa anasimama peke yake. Punje za Mwaringa zikaonekana huku na huko.

Akapita Kwale, yule ndege asiyejua kunyamaza. "Kwe-kwe-kwe! Shoga, hayo umeyaona? Mwenye macho haambiwi tazama. Mumeo ana nyumba ya pili!"

"Mume wangu?"

"Kwani punje huanguka bure? Anakudharau, mwenzangu. Ningekuwa mimi, ningekwisha ondoka zamani."

Kadzo akaumia. Akaumia kweli, maana alimpenda yule bwana. Akasema moyoni: "Leo nitazifuata punje. Nikiikuta hiyo nyumba, simrudii tena."

Akazifuata. Tik, tik, tik. Punje hizi hapa, kichakani. Punje hizi hapa, kwenye jiwe. Punje hizi hapa, kwenye kichuguu. Nyumba ya pili hakuiona. Akatazama vizuri. Ajabu! Punje zote zilikuwa kwenye njia moja, njia ya kwenda kwenye lundo lao. Siku moja Mwaringa amefika kwenye jiwe, akakomea hapo. Siku nyingine amefika kichakani tu, akakomea hapo. Hakuna hata siku moja aliyokwenda kwingine.

Mwisho akamwona mwenyewe, kando ya kichuguu. Amelala juani, macho wazi. Tai angemchukua bila taabu, wala asingeinuka.

"Mwaringa, una nini?"

"Sina kitu."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona nyumba umeiacha hivi?"

Mwaringa akakitazama kivuli cha kichuguu. Kisha akasema, "Kadzo, kila asubuhi naianza njia. Nasema leo nitafika. Nafika katikati, moyo unakuwa mzito, miguu inakataa. Na hakuna kilichonipata. Sikufiwa, sikupigwa. Ndiyo maana naona haya kusema."

Kadzo alikuja na matusi tayari mdomoni. Akayameza yote, na yalikuwa mengi.

Akaenda mbio kwa Mhanga. Mhanga, yule mla mchwa mwenye pua ndefu, ndiye mganga wa nyika ile, na mchana hulala shimoni. Kadzo akapiga kwato: di, di, di!

"Nani huyo? Kuna moto?"

"Hapana, mganga. Ni mume wangu. Amekuwa mchafu."

"Uchafu ndio unaniamshia mimi?" Mhanga akatoa pua. "Haya, tangu lini?"

Kadzo akaeleza. Mhanga akasikiliza, usingizi ukamruka. "Mguu ukiumia, mwenyewe huchechemea na watu wakaona," akasema. "Moyo ukiugua, nyumba ndiyo huchechemea. Nitakuja na mizizi, na nitakuja tena na tena, maana ugonjwa huu hauondoki kwa kikombe kimoja. Wewe usimpigie kelele. Wala usimbebe mgongoni, utavunjika."

Kadzo akarudi. Hakumvuta Mwaringa. Asubuhi akaenda palepale alipolala mumewe, hatua mbili kutoka kwake, akaweka punje zake. Lundo jipya, katikati ya njia.

Kwale akaona. "Kwe! Shoga, nawe umechafuka?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pita, mama."

Kesho yake akaweka tena. Keshokutwa akaweka tena. Mhanga akaja na mizizi, akaja tena. Mwaringa akanywa, lakini hakuinuka. Siku nyingine Kadzo alichoka, akaenda kwa dada yake, akalia huko, akarudi.

Hata asubuhi moja, Kadzo amegeuza mgongo, akasikia: chwa. Ukwato mmoja unakwangua vumbi. Hakugeuka, akaogopa kumshtua. Chwa. Kisha, pta, pta, pta.

Akageuka. Mwaringa amesimama. Juu ya lundo pana punje tatu.

"Ni tatu tu," akasema Mwaringa kwa haya.

"Nimeziona," akasema Kadzo, na machozi ya furaha yakamtoka. "Hapa ndipo nyumbani, mume wangu. Wala usiende mbali zaidi leo."

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya. Mwenzako akiiacha nyumba ichafuke, usikimbilie kusema anakudharau. Muulize kwanza, huenda anaumwa mahali pasipoonekana. Na akishindwa kufika ulipo, sogea wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliye na mtu nyumbani akamuulize ameamkaje.