Hodi Isiyo na Pumzi

Fungeni midomo, wapiga domo, ngano inapita, na fundi wake ni mimi!

Zimwi lilipiga hodi nyumba ya kwanza. Wakaitikia, "Karibu!" Likawameza. Ya pili vilevile. Ya tatu alikuwamo Mwanasiti, msichana waliyemwita Gogo kwa ukimya wake. Akasikiliza: hodi ile haikuwa na pumzi, si ya mwanadamu. Mama yake alipotaka kuitikia, Mwanasiti akamziba mdomo.

Zimwi haliingii bila kukaribishwa. Likavimba kwa hasira, likapasuka, waliomezwa wakatoka.

"Gogo letu, hebu tuhutubie!" jumbe akasema, bado amelowa mate ya zimwi.

Mwanasiti akaja juu. "Ngomani mlinifukuza, mkawaambia wachumba mimi zuzu, kisa sipayuki. Semeni ninyi! Anzeni na samahani."