Dakika Saba za Minyororo

Ka!

Sauti moja tu, kavu kama mfupa unapovunjika, saa nane na dakika kumi usiku, katika kiwanda cha kuyeyushia dhahabu cha Isengwa. Ni sauti ya milango kumi na minane ikiachia kwa pamoja. Ikumbuke, msikilizaji. Utaisikia tena milango itakaposhika, na kati ya hii ya kwanza na ile ya pili damu itamwagika.

Lakini kwanza nikuonyeshe watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Luhende alikuwa mkuu wa walinzi, na kipawa chake kilikuwa kunyamaza. Wenzake walimtania, "Mzee wa kufuli, hata jiwe likikanyagwa hulia. Wewe je?" Naye hucheka kwa pua, basi. Nyumbani alikuwa na mke, watoto wawili, na mdogo wake wa kiume aliyemlea tangu mama yao alipozikwa.

Ng'washi alikuwa mtunza kumbukumbu, na kipawa chake kilikuwa kutotupa kitu. Kila karatasi aliitolea nakala, na nakala akaitolea nakala. "Dada Ng'washi," walimwambia, "nasikia hata kivuli unacho cha akiba." Akajibu, "Siku chako kikipotea, utakuja kuniazima."

Dastani alikuwa fundi wa mtandao, na kipawa chake kilikuwa vidole. Aliandika bila kutazama, aliandika gizani, aliandika kama mvua ya ghafla juu ya bati.

Sasa nikueleze kuhusu sanduku. Mafundi huliita swichi: sanduku la chuma lenye matundu arobaini na nane, na katika kila tundu waya. Nyaya hizo zilipeleka habari na umeme kwa pamoja, kwa kamera, kwa king'ora, na kwa makufuli ya sumaku ya milango yote ya Isengwa. Ndani yake kuna programu inayoliongoza, na programu huzeeka. Ikizeeka hutoboka, na mwizi asiye na panga hupenya akiwa kitini kwake mbali. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache Dastani aliiweka mpya. Lakini mpya haishiki mpaka sanduku lizimwe na kuwashwa upya, na likizimwa, sumaku huachia. Ka! Kwa dakika saba milango iko wazi na kamera ni vipofu.

Ndiyo maana Isengwa walikuwa na desturi yao, waliyoiita dakika saba za minyororo. Walinzi hufunga lango kubwa kwa mnyororo wa chuma, wakasimama, wakahesabu mpaka sumaku zishike tena. Saa ya kazi hiyo haikuandikwa popote. Ilitamkwa kwa mdomo, kwa watu watatu hao tu, na kila safari ilibadilishwa. Walinzi wengine waliambiwa wakiwa tayari wameshika mnyororo.

Usiku ule Dastani alifanya makosa mawili. Nafasi ndani ya sanduku ilikuwa ndogo, basi akaifuta programu ya zamani kabla hajaijaribu mpya. Na faili jipya huja na namba ndefu ya kulinganisha, ili fundi ajue kama limefika zima. Kwa miaka minne Dastani alilinganisha, na kwa miaka minne namba zilikuwa sawa. Usiku ule akasema, "Zitakuwa sawa."

Faili lilikuwa limefika nusu.

Sanduku likazima. Ka! Likaamka, likajikwaa, likazima. Likaamka, likajikwaa, likazima. Na langoni, wakati ule ule, mkasi wa vyuma ulikuwa umeshauma mnyororo. Mlinzi wa lango, kijana aitwaye Gindu, alikatwa shingo kabla filimbi haijafika mdomoni. Watu saba wakaingia, nyuso zimefunikwa, mapanga wazi.

Watatu walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha tanuri. Humo walikuwamo wayeyushaji kumi na wawili na dhahabu ya wiki nzima. Mlango wao hufungukia nje, na sumaku ilikuwa imelala. "Vuteni!" alipiga kelele Mama Nshoma, mkubwa wao. "Mwenye mikono avute, asiye na mikono amshike kiuno mwenzake!" Wakaning'inia kwenye mpini wa mlango kama watu wanaomvuta ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Panga likapita kwenye ufa, likachana kiganja cha Mama Nshoma hadi mfupa. Hakuachia. Damu iliutelezesha mpini, wakaufunga kwa aproni, wakavuta tena.

Watatu wengine walimkamata Luhende. Walijua vizuri kwamba sanduku likiamka, milango itajifunga na king'ora kitalia. Walitaka kulivunja. Lakini mwezi uliopita sanduku lilikuwa limehamishiwa nyuma ya stoo ya mabuti, na ni wachache waliojua.

"Sanduku liko wapi, mzee?"

Luhende akanyamaza.

"Babu, sisi hatuna haraka na wewe. Tuna haraka na sanduku. Liko wapi?"

Wakamvunja kidole kimoja. Akanyamaza. Wakamvunja cha pili. Akanyamaza. Kisha akasogea mmoja ambaye tangu mwanzo hakuwa ametamka neno, mwenye nondo katika mkono wa kushoto. Luhende alimtazama mkono, akamtazama macho yaliyoonekana juu ya kitambaa, halafu akafumba yake. Nondo ikashuka. Taya likavunjika pande zote mbili. Hata hapo, kama angetaka, angeweza kuonyesha kwa kidole. Vilikuwa vimebaki vinane. Hakuonyesha.

Dakika saba zikapita. Zikawa tisa.

Ng'washi alikuwa ofisini kwake, ng'ambo ya ua. Alitazama kamera iliyokuwa juu ya mlango. Taa yake ndogo iliwaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Ilipofanya hivyo mara ya tatu akajua, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, kwamba sanduku haliwezi kuamka. Akaingiza mkono ndani ya kilemba chake. Humo alikuwa na flashi, kitu ambacho sheria ya kiwanda ilikataza kuingizwa, na ndani ya flashi kulikuwa na programu ya zamani, nzima, na mipangilio yote ya milango. Akavua viatu, akakimbia.

Katikati ya ua, mtu wa saba, aliyeachwa kuulinda, akamwona. Panga lilimpata begani, likashuka. Alianguka, akainuka. Aliingia stoo ya mabuti akiburuta mkono, na nyuma yake sakafuni akaacha mstari mwekundu, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Siri ambayo Luhende alikuwa anaifia, damu ya Ng'washi ikaiandika chini.

"Dastani," alimwambia fundi aliyekuwa akihangaika mbele ya sanduku, "shika."

"Dada, umeumia!"

"Nimekuambia shika. Utanililia baadaye."

Dastani akaichomeka flashi. Kazi hiyo ilihitaji dakika nne na mkono usiotetemeka. Mtu wa saba akaufuata mstari. Akaupiga teke mlango wa mbao, ukapasuka. Dastani akaukanyaga kwa mguu, mgongo ukutani, kompyuta mapajani, akaandika. Panga likapenya kwenye mpasuko. Alilikinga kwa mkono wa kulia, na vidole viwili vikaanguka juu ya herufi, vikabaki hapo. Akavifuta kwa kiwiko kama mtu anayefuta makombo. Akaandika kwa mkono wa kushoto. Panga likaingia tena, likatoka, likaingia. Neno la mwisho alilimalizia kwa kidole gumba.

Sanduku likaamka. Halikujikwaa.

Ka!

Milango kumi na minane ikashika. King'ora kikalia mpaka milimani. Wezi sita wakajikuta kati ya mlango na mlango, kama panya ndani ya mtego. Aliyekuwa na nondo peke yake ndiye aliyekuwa amelikaribia lango. Akatokomea.

Wiki sita zikapita. Gindu alikuwa kaburini. Mkono wa Ng'washi haukupanda tena juu ya bega. Taya la Luhende lilishonwa kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Na Dastani alilazwa akiwa amefungwa pingu kitandani, kwa ule mkono wake mzima. Maana polisi walihesabu: watu watatu waliijua saa. Mmoja alivunjwa taya, mmoja alikatwa bega, na huyu wa tatu ndiye aliyeichagua saa yenyewe, tena akaifuta programu ya zamani. "Aliifuta makusudi," alisema Inspekta Mahega, "halafu akaogopa." Wale sita hawakumtaja mtu. Mara tatu Inspekta alimpelekea Luhende karatasi na kalamu: je, unamjua aliyekuvunja? Unajua nani aliitoa saa? Mara tatu Luhende alitikisa kichwa.

Ikaja siku ya kutoa shukrani. Bi. Kang'wa, mwenye kiwanda, aliweka ufunguo mmoja mezani. "Ni wa nyumba ya mawe kule juu," alisema. "Nyumba ni moja. Siigawi, kwa sababu nyumba ya watu watatu huzaa kesi. Waliookolewa ni kumi na wawili, basi wao waamue. Na Dastani akipewa, nitamwekea wakili. Asipopewa, kesho faili lake linakwenda mahakamani."

Dastani alisimama kati ya polisi wawili. Luhende, waya umetolewa juzi tu, alikaa ameinamisha kichwa. Ng'washi alikaa karibu na mlango.

Mama Nshoma akaanza. "Mimi nampa Luhende. Angefumbua mdomo dakika ya tatu, sanduku lingevunjwa dakika ya nne, na mimi leo nisingekuwa na hata kiganja cha kukuonyesha."

"Shikamoo, mama, lakini hapana," alisema Suzo, binti mdogo kuliko wote mle. "Nampa Dada Ng'washi. Bila nakala, vidole vingeandika nini? Nakala ile ile mliyokuwa mkimchekea!"

"Na damu yake ndiyo iliyomwonyesha mwizi njia," akadakia mzee Bujiku, mchochea tanuri.

"Ulitaka kwanza apige deki?"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu kucheka.

"Nampa Dastani," aliendelea Bujiku. "Nakala haijiweki yenyewe. Nani kati yenu angeandika huku vidole vyake vimelala mbele yake?"

"Aliyeichoma nyumba halafu akaleta ndoo ya maji, ndiye tumpe nyumba?" Mama Nshoma akauliza.

"Alisahau kulinganisha namba, mama. Hakumwita mwizi."

"Unajuaje?"

Wakainua mikono: minne kwa Luhende, minne kwa Ng'washi, minne kwa Dastani. Wakashusha, wakabishana, wakainua tena. Minne, minne, minne. Inspekta akatazama saa yake, akamshika Dastani kiwiko.

Hapo Luhende akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita kuisikia sauti yake, na ilitoka kama mlango uliopata kutu.

"Mwacheni huyo. Saa niliitoa mimi."

Mjane wa Gindu, aliyekuwa ameketi nyuma, akainua uso.

"Sikuiuza. Tulikuwa tunakula. Aliniuliza, 'Kaka, nikuwekee uji usiku?' Nikamwambia, 'Weka, lakini saa nane na dakika kumi nitakuwa kwenye mnyororo, nitachelewa.' Maisha yangu yote nimenyamaza kwa kila mtu. Nyumbani kwangu, kwa mtoto niliyembeba mgongoni, nilisema." Akapumua. "Usiku ule alificha uso. Lakini mkono wa kushoto ule, mimi ndiye niliyeufundisha kushika jembe. Niliujua kabla nondo haijashuka. Nikadhani nikinyamaza nitakuwa nimewalinda wote. Dastani, baba, nilikuona na pingu. Nilikuona wiki sita. Nilipewa kalamu mara tatu."

"Jina," alisema Inspekta taratibu. "Mzee, jina lake."

Luhende aliushika mdomo wake kwa vidole viwili vilivyopinda, kana kwamba taya lingevunjika upya.

"Masele," alisema. "Mdogo wangu. Masele."

Pingu ikafunguliwa. Mikono kumi na miwili ikabaki mapajani, hakuna uliothubutu kupanda, na ufunguo ungali mezani. Wa kumi na tatu ni wewe uliyesikiliza: mkono wako unauinua kwa nani?