Mulewa Mpasuamwamba na Mzabibu wa Mwisho

Wekeni visu chini kwanza, ninyi wa tumbo la Mulewa na ninyi majirani mliokuja kutusaidia kupogoa, kwa maana katika shamba hili halikatwi tawi kabla ya kutajwa jina la aliyelianzisha, na kulitaja ni kazi yangu mimi, Mele binti Ndahani, mjukuu wake. Anayelalamikia jua ajue kwamba Mulewa lilimchoma zaidi.

Zilikuwa zama za njaa ya kula ngozi, wakati wazee wetu hapa Ugogo walipozichemsha ngozi walizokuwa wakizilalia. Katika zama hizo aliishi Mulewa mwana wa Sakalani mwana wa Chidong'a, Mulewa Mpasuamwamba, bwana wa vidole tisa, aliyekuwa na ng'ombe themanini, na mvua ilipokosekana mwaka wa pili hakubakiwa hata na ndama. Mtu asiye na ng'ombe siku hizo hakuwa na la kusema mbele ya wenzake. Basi akaondoka, akatembea siku nne hadi kwenye misheni moja ambako mapadri walilima zabibu za divai ya misa, akawachimbia kisima kwa mtaimbo katika mwamba uliowashinda watu kumi, na mwamba huo ndio uliomla kidole. Walipomuuliza ujira wake, hakutaka nguo wala chumvi.

"Nipeni vijiti mnavyovitupa mkipogoa," akasema.

Akarudi na vijiti hivyo kichwani, vimefungwa katika ngozi iliyoloweshwa maji, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu, kwamba Mulewa kaenda kutafuta chakula karudi na kuni. Alichimba kisima hiki mnachokiona kwa siku arobaini, mawe yake akayarundika pale juu, kisha akazoa samadi ya zizi lililokuwa tupu akaifukia katika mashimo alimopanda vile vijiti, hivyo ng'ombe wake waliokufa wakailisha mizabibu yake. Mwaka wa tatu ikazaa. Alipokamua mvinyo wa kwanza, wale waliocheka walikuja na vibuyu mkononi, nao ni babu zenu, msijifanye hamjui.

Mizabibu ikafika mia tatu, mvua zikarejea, Mulewa akazeeka na macho yake yakaingia ukungu hadi akawa haoni kitu. Shamba akamkabidhi mwanawe Ndahani. Hapo ndipo lilipokaribia kufa, na aliyekaribia kuliua ni baba yangu mzazi, nami nasema hivyo nikimpenda.

Ndahani alikulia machungani kwa wajomba zake, akaipenda mizabibu kwa mapenzi ya mchungaji. Aliipa majina ya ng'ombe, huu Mabaka, ule Pembemoja. Siku ya kwanza aliyoachwa kupogoa peke yake, alikata tawi moja, akaona maji yanadondoka kwenye jeraha, akaufuta mti kwa kanga ya mama yangu na kukirudisha kisu alani. Tangu hapo hakukata tena. Matawi yalipoongezeka aliyahesabu kila asubuhi, akajiona tajiri, na wapita njia walimsifu kwa kijani kile. Mwaka wa kwanza zabibu zikawa ndogo na chachu. Mwaka wa pili zikawa chache. Mwaka wa tatu hapakuwa na hata kishada kimoja, na ndugu wakaanza kusema mizabibu ing'olewe pafugwe mbuzi.

Ilikuwa desturi kishada cha kwanza cha mavuno kiwekwe mkononi mwa mzee. Mwaka huo Mulewa alinyoosha kiganja, na Ndahani, kwa kukosa la kufanya, akamwekea majani. Mzee akayapapasa kwa vidole vyake tisa.

"Umenipa malisho," akasema. "Nilikuonyesha namna ya kukata, sikukuambia kwa nini. Kosa ni langu. Nipe kisu."

Siku saba Mulewa Mpasuamwamba, kipofu, alipita mstari kwa mstari akipapasa shina, akihesabu kwa kidole gumba macho ya tawi, yale yanayochipua, akibakiza mawili na kukata yaliyosalia, na mwanawe akimfuata nyuma huku analia wazi mbele ya watu.

"Baba, niachie hata Mabaka."

Mzee akamkata Mabaka. Siku ya saba ulipobaki mzabibu mmoja, akakichomeka kisu ardhini.

"Huu ni wako," akasema. "Nikiukata mimi, shamba hili litakufa pamoja nami."

Kisha akapanda taratibu kuelekea rundo lile la mawe, akikataa kushikwa mkono. Ndahani alisimama mbele ya mti ule muda mrefu, na alipoukata, maji yake yalimdondokea mkononi asiyafute. Alipogeuka kumwambia baba yake kwamba amekata, hapakuwa na mtu. Walimtafuta siku tisa. Nyayo zake ziliishia kwenye mawe aliyoyatoa ardhini mwenyewe, na mpaka leo hatuna kaburi lake.

Mvua zilipokuja, kila shina lilichipua. Kishada cha kwanza baba alikipeleka kule juu akakiweka jiweni, nasi hukipeleka hadi leo. Na tangu siku hiyo mzabibu wa mwisho hukatwa na anayerithi shamba, kila mtu akimwangalia. Hata mimi niliukata hivyo hivyo.

Mikono yangu sasa imekwisha nguvu. Nyemo, binti wa kaka yangu, njoo hapa mbele. Mwaka jana uliukinga mzabibu mmoja kwa kuurundikia makapu na magunia wakataji wasiuone, ukadhani shangazi hakuona. Niliona, nikacheka, nikajua ni damu ya Ndahani. Kisu ni kilekile, mpini tu ndio tumebadilisha mara tatu. Mzabibu ule uliouficha ndio niliouacha uwe wa mwisho leo. Nenda, mama, sisi tunakutazama.